Saa za mashine ni bure, kilicho ghali ni njia ya kuzifikia: watafiti wa kimataifa na maabara za pamoja

Mleta uzi

Heshima kwenu nyote. Nimetumia maabara za pamoja za kimataifa kwa miaka mingi, mara nyingine kama mgeni aliyebeba sampuli zake mwenyewe, mara nyingine kama mjumbe wa kamati inayosoma maombi ya wengine, na kuna jambo ambalo naona huzungumzwa juu juu tu. Tunapoambiwa kwamba kituo fulani kiko wazi kwa watafiti wa dunia nzima, kauli hiyo ni ya kweli, lakini ni ya kweli kwa namna ileile ambayo bahari iko wazi kwa kila mtu: anayeifaidi ni mwenye chombo. Ningependa tuzungumzie hicho chombo.

Kwa wasiofahamu, vituo ninavyovikusudia ni vile ambavyo chuo kimoja, na mara nyingi hata nchi moja, haiwezi kuvijenga na kuviendesha peke yake. CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyoanzishwa mwaka 1954 kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, ndiyo maarufu kuliko vyote kwa sababu ya duara lake la chini ya ardhi lenye mzunguko wa kilomita 27. Hata hivyo, watafiti wengi wa biolojia, kemia, kilimo na mambo ya kale hawana shughuli huko. Wao huenda kwenye sinkrotroni, mashine inayozungusha elektroni kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga ndani ya bomba lisilo na hewa, ili kila zinapopindishwa na sumaku zitoe eksirei kali mno. Ile ya ESRF, kituo cha pamoja cha Ulaya mjini Grenoble nchini Ufaransa, ina mzunguko wa mita 844, na pembeni mwa duara hilo vimepangwa vituo vya mwali, kila kimoja na kazi yake: hiki kinapiga picha za mifupa ya kale bila kuipasua, kile kinachunguza umbo la protini, kingine kinafuatilia betri inavyochakaa ikiwa bado inachajiwa. Kwenye kiwanja hichohicho ipo taasisi ya ILL, yenye tanuri la nyuklia la megawati 58 ambalo halizalishi umeme bali nutroni za kuchunguzia maada.

Utaratibu wa kuingia hufanana karibu kila mahali. Mtafiti anayekusudia kuchapisha matokeo yake halipi chochote kwa saa za mashine, ilhali kampuni inayotaka matokeo yabaki siri hulipa gharama kamili. Maombi hupokelewa kwa msimu, mara nyingi mara mbili kwa mwaka, muda huhesabiwa kwa zamu za saa 8, na kamati ya wanasayansi wa fani husika huamua nani apewe zamu ngapi. Kwa kuwa zamu zinazoombwa huzidi sana zilizopo, wengi hurudi mikono mitupu.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Nimeketi kwenye kamati hizo, na katika maandiko ya maombi niliyoona yakikataliwa, machache sana yalikataliwa kwa sababu wazo lilikuwa dhaifu. Yaliyo mengi yalianguka kwa sababu mwombaji hakuonyesha kwamba sampuli yake iko tayari. Chukua mfano wa protini, ambayo kwanza hukuzwa iwe fuwele ndipo eksirei iweze kuonyesha umbo lake. Kamati haitaki kusoma kwamba fuwele zitakuzwa; inataka kuona picha ya fuwele, ijue zina ukubwa gani, na kama zilishapimwa kwenye mashine ndogo ya eksirei, zilitawanya mwali hadi kiwango gani. Mwenye mashine hiyo ndogo kwenye korido ya idara yake hufanya kipimo hicho mchana mmoja. Asiye nayo huomba mashine kubwa ili apate ushahidi unaohitajika kuombea mashine kubwa. Ndiyo maana nasema saa za mashine ni bure, na kilicho ghali ni kila kinachotangulia saa hizo na kila kinachozifuata.

Bi_Hadubini

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo, lakini nadhani umeitetea kamati mapema mno. Umesema maandiko huanguka kwa sababu ya sampuli, nami najiuliza ni mara ngapi neno "sampuli haijathibitishwa" linapoandikwa huwa kwa kweli linamaanisha "hatumjui huyu mtu wala chuo chake".

Upo mfano unaopimika. Waendeshaji wa darubini ya anga ya Hubble waliamua mwaka 2018 kwamba wapitiaji wasijue majina ya waombaji, na waombaji wakatakiwa kuandika kwa namna isiyowafichua. Katika msimu huohuo wa kwanza, kiwango cha kukubaliwa kwa maandiko yaliyoongozwa na wanawake kilipita kidogo kile cha wanaume, jambo ambalo halikuwa kawaida katika misimu ya nyuma. Mashine haikubadilika na watu walikuwa walewale. Kilichoondolewa ni jina tu. Ikiwa jina la mtu lilikuwa na uzito kiasi hicho, jina la taasisi isiyojulikana lina uzito gani?

Mleta uzi

Bi_Hadubini, hoja yako ni nzito na siwezi kuikwepa. Nimewahi kumsikia mjumbe mwenzangu akisema, huku akifunga andiko ambalo hakulisoma hadi mwisho, kwamba kundi lile "halina historia na sisi". Nilinyamaza, na hadi leo sijivunii ukimya huo.

Hata hivyo, naomba tutofautishe darubini na maabara. Mwombaji wa darubini hapeleki nyota yake kwenye begi. Kitu kinachochunguzwa kiko palepale kwa wote, na tofauti kati ya waombaji ni wazo na uwezo wa kuchambua. Kwenye sinkrotroni au chanzo cha nutroni, mwombaji anakuja na kitu chake mwenyewe, ambacho huenda kina sumu, kinalipuka, kina vimelea, au hakipo kabisa. Watu wa usalama lazima wajue nani anakileta na amewahi kukishika namna gani. Kuficha majina kunawezekana katika hatua ya kupima wazo, na ningeunga mkono jambo hilo kesho asubuhi, lakini hakumpi mwombaji ile picha ya fuwele. Atakuwa amekataliwa kwa haki zaidi, ila bado atakuwa amekataliwa.

Fuwele_Ndogo

Naomba niongezee sehemu ya safari, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonichosha mimi.

Fuwele ya protini husafiri hivi. Unaikwapua kutoka kwenye tone lake kwa kitanzi cha nailoni kisichoonekana vizuri bila hadubini, kitanzi hicho kikiwa kimegundishwa kwenye pini yenye kitako cha sumaku, kisha unaitumbukiza mara moja kwenye naitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Pini 16 hukaa kwenye sahani moja, na sahani hupangwa ndani ya mtungi maalumu ambao kuta zake zimefyonza naitrojeni ile, hivyo hakuna kimiminika cha kumwagika ndani ya ndege. Mtungi ukiwa mzima hubaki na baridi kwa siku kadhaa, pengine zaidi ya wiki, mradi usilazwe. Ukilazwa ubavu, siku zinapungua.

Mtungi wetu wa kwanza ulikaa ghalani siku kumi na moja. Afisa wa forodha aliuona umeandikwa kwamba ndani kuna protini, akataka cheti cha mifugo. Tulieleza kwa barua tatu kwamba hiyo ni protini iliyotengenezwa ndani ya bakteria wa maabara na kwamba jumla yake haijai hata kijiko cha chai. Barua ya tatu ilipokubaliwa, mtungi ulikuwa umelazwa kwa siku zisizojulikana, na ulipofika kituoni mhudumu alipiga kipimajoto akatuandikia sentensi moja: joto la ndani ni nyuzi 14, tena juu ya sifuri. Zamu zetu zilikuwa keshokutwa. Zilipewa kundi lililokuwa kwenye orodha ya kusubiri, na sikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu mashine ya namna ile haisubiri mtu.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi kwamba gharama iko kabla na baada, ila kwenye hiyo "kabla" tuiandike forodha kwa herufi kubwa.

Mleta uzi

Pole sana, Fuwele_Ndogo. Kisa chako kinajulikana kwa watu wengi zaidi kuliko unavyodhani. Niongeze kwamba kwa wanaochukua sampuli kutoka kwa viumbe wa porini au mimea ya asili kuna tabaka jingine: Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, inayotaka nchi yenye rasilimali hiyo iridhie na inufaike. Lengo lake ni jema, na historia ya kubebwa kwa mali za watu inaeleza kwa nini ilihitajika. Lakini mtafiti anapaswa kuanza kutafuta kibali hicho kabla hata ya kuandika ombi la mashine, kwa sababu kibali kinaweza kuchukua muda mrefu kuliko msimu mzima wa maombi.

Wengine watasema siku hizi hakuna haja ya kusafiri, kwani unatuma mtungi na unaendesha majaribio ukiwa nyumbani kwa kompyuta. Ni kweli kwa baadhi ya kazi. Kwenye vituo vya protini roboti huchukua pini, huiweka mbele ya mwali, na data nzima hukusanywa kwa muda usiofika dakika moja. Mtafiti akiwa bara jingine anabofya tu. Mwaka 2020, wageni wengi walipofungiwa milango kwa sababu ya korona, njia hiyo ndiyo iliyookoa kazi nyingi. Kituo cha sinkrotroni cha Diamond nchini Uingereza kiliendelea kufanya kazi, na huko vipande zaidi ya 1,250 vya kemikali vilijaribiwa dhidi ya kimeng'enya kikuu cha kirusi kile, matokeo yakiwekwa hadharani kabla ya makala kuchapishwa ili yeyote mwenye wazo la dawa aanzie hapo.

Lakini nawaomba wapenzi wa njia hii wakumbuke kinachopotea. Mara yangu ya kwanza kuingia kwenye kibanda cha mwali, mtaalamu wa kituo alinifundisha kukikagua kabla ya kukifunga: unaingia mpaka kona ya mwisho, unabonyeza kitufe cha ukutani kuthibitisha kwamba umetazama nyuma ya mashine, unarudi ukibonyeza kingine, king'ora kinaanza kulia, unatoka, unavuta mlango mzito wenye madini ya risasi mpaka ujifunge, na hapo ndipo taa inabadilika. Hakuna mwali utakaofunguliwa kama hatua moja imerukwa. Saa tisa usiku nilipofanya zoezi hilo kwa mara ya arobaini, nilikuwa nimeanza kuelewa kwa nini kipimo changu kilikuwa kinayumba: kila nilipoufunga mlango ule, meza ya sampuli ilitikisika kidogo sana. Hilo nisingelijua kwa kubofya kutoka mbali. Mtaalamu wa kituo naye asingenieleza hadithi ya kitambuzi ambacho huwa na kichaa baada ya mashine kujazwa elektroni upya, kwa sababu mambo ya namna hiyo hayaandikwi popote. Husemwa mtu na mwenzake wakiwa wanasubiri.

Na huyo mtaalamu wa kituo ndiye mtu ninayemwona muhimu kuliko kamati. Watafiti wapya humwogopa, humwandikia baada ya kukubaliwa, na humwandikia kwa unyenyekevu wa kuomba radhi. Wazoefu humwandikia kabla ya kuandika ombi.

Mhandisi_Vipuri

Wakuu, nimesoma kwa makini na nakubali mengi, lakini naona mnazunguka mzizi. Afrika ndiyo bara pekee linalokaliwa na watu ambalo halina sinkrotroni hata moja. Brazili ilifungua ya kwanza mwaka 1997 na sasa ina Sirius yenye mzunguko wa mita 518. Fuvu la *Australopithecus sediba*, jamii ya kale inayohusiana na binadamu, lilisafirishwa kutoka Afrika Kusini hadi Grenoble mwaka 2010 ili lipigwe picha, na mwaka 2019 fuvu la masalia mengine ya kale yanayoitwa Little Foot likapelekwa Diamond kwa kazi kama hiyo. Mifupa iliyokaa ardhini mamilioni ya miaka inapandishwa ndege kwa sababu hatuna mahali pa kuitazamia. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tangu mkutano wa Grenoble wa mwaka 2015 kuna juhudi za kuanzisha chanzo cha mwanga cha Afrika, yaani sinkrotroni yetu wenyewe, na kwangu mimi nguvu zote zingeelekezwa huko badala ya kufundishana namna ya kuandika maombi.

Mleta uzi

Mhandisi, naunga mkono kituo hicho kijengwe, ila methali hiyo naomba niipinge hapahapa. Katika sayansi ya ukubwa huu, kila mtu anategemea cha nduguye, hata tajiri. Wajerumani wana vyanzo vyao na bado ni washirika wakubwa wa ESRF. Afrika Kusini yenyewe ni mshirika wa ESRF tangu mwaka 2013. Tofauti iliyopo ni kati ya anayeingia akiwa na sauti kwenye baraza na anayeingia kama mgeni wa hisani.

Mfano bora wa unachokitaka ni SESAME, sinkrotroni ya pamoja ya Mashariki ya Kati iliyoko Allan nchini Jordan. Ilianza kwa zawadi: Wajerumani walikuwa wanaifunga sinkrotroni yao ya BESSY I ya Berlin, na badala ya kuitupa, sehemu zake zikatolewa. Duara kuu hata hivyo lilijengwa jipya, lenye mzunguko wa mita 133, na kituo kikazinduliwa Mei 2017 chini ya mwavuli wa UNESCO, kwa mtindo uleule uliotumika kuianzisha CERN. Miongoni mwa wanachama wake wamo Iran, Israel, Palestina, Pakistan, Misri, Uturuki na Cyprus, nchi ambazo baadhi hazitambuani kabisa. Wazo la kuwa na mashine kama hiyo katika eneo lile lilikuwa limetolewa miongo mingi nyuma na Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1979 na kuanzisha ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste nchini Italia, mwaka 1964.

Sasa tazama kilichowasumbua baada ya kupata mashine. Sumaku zilipatikana. Bili ya umeme ndiyo iliyotishia kula bajeti yote, mpaka mwaka 2019 ulipozinduliwa mtambo wake wa umeme wa jua. Iran nayo ilikwama kulipa michango yake kwa sababu ya vikwazo vya kibenki. Fedha haikuwa na mlango wa kutokea. Kujenga ni nusu ya kwanza, na ndiyo nusu inayopigwa picha.

Mhandisi_Vipuri

Nakubali kuhusu umeme, na kwa kuwa umeigusa bajeti niseme kitu kuhusu maabara za kiwango cha kati, ambazo ndizo ninazozifanyia kazi. Nimefungua makasha ya hadubini za elektroni zilizotolewa msaada, zikiwa na vibandiko vya mfadhili vinavyong'aa, na ndani ya miaka miwili zikawa meza za kuwekea vitabu. Kilichoua moja kati ya hizo ni pampu ya kuvuta hewa ambayo muhuri wake wa mpira ulikauka. Muhuri wenyewe ni kitu cha kushika kwa vidole viwili. Lakini msaada ulikuwa wa kununua mashine, haukuwa wa mkataba wa matengenezo, na fungu la vipuri halikuwa na jina kwenye hesabu za mtu yeyote.

Maabara ya pamoja ya ukanda inatatua hilo kwa sababu mashine moja inatumiwa na watu wa nchi nyingi, kwa hiyo ipo sababu ya kumwajiri fundi wa kudumu. Maabara ya biosayansi ya BecA iliyo ndani ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo jijini Nairobi, imefanya kazi kwa mtindo huo kwa miaka mingi, ikiwapokea watafiti wa kilimo na mifugo kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja akija na sampuli zake na kukaa miezi kadhaa. Wanaporudi wanakuwa na data, na pia wanakuwa na namba ya fundi.

Bi_Hadubini

Mmezungumzia forodha na umeme, lakini siasa mmeigusa kwa kisa cha Iran tu. Milango hii hufungwa pia. CERN ilisitisha ushirikiano wake na Urusi mwishoni mwa Novemba 2024, baada ya ule wa Belarus kwisha mwaka huohuo, ingawa iliendelea na makubaliano yake na taasisi ya kimataifa ya Dubna, iliyo ndani ya Urusi. Simtetei aliyevamia nchi ya mwenzake. Ninachosema ni kwamba mkataba wa kuanzisha CERN unaitenga na kazi za kijeshi na unataka matokeo yake yawe ya wazi kwa wote, na bado mwanafunzi aliyekuwa katikati ya tasnifu yake alijikuta pasi yake ya kusafiria ndiyo inayoamua kama atamaliza. Mtafiti anayetegemea kituo kilicho nje ya mamlaka ya nchi yake ajue kwamba anategemea pia hali ya hewa ya kidiplomasia.

Mleta uzi

Hilo ni kweli, na sina jibu zuri kwalo zaidi ya kuwashauri watu wasiweke tasnifu nzima kwenye kapu la kituo kimoja. Nami nimeona mialiko ikifa kwa sababu ndogo kuliko vita: zamu zimepangwa Jumatatu, viza imetoka Alhamisi.

Naomba nimalizie upande wa "baada", ambao hakuna aliyeugusa. Jaribio la kupiga picha za ndani ya kitu kwa eksirei linaweza kuzalisha terabaiti kadhaa kwa siku. Nakumbuka tukiondoka kituoni na diski nne kwenye mfuko wa koti, na tulipofika kwetu tukagundua kwamba kompyuta yetu bora ilihitaji usiku mzima kufungua faili moja kati ya mamia. Miezi minane ilipita kabla hatujapata picha ya kwanza iliyosomeka. Wakati huo saa ilikuwa inatembea: kwa sera ya ESRF, data hubaki mikononi mwa waliofanya jaribio kwa miaka 3, kisha hufunguliwa kwa wote. Naipenda sera hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa inamnufaisha hata asiyewahi kufika Grenoble. Lakini miaka 3 ya kundi lenye seva na wachambuzi watano si sawa na miaka 3 ya mwalimu anayefundisha madarasa manne na kuchambua data usiku. Dawa yake ipo na baadhi ya vituo vimeanza kuitoa: data isiondoke kabisa, na mtafiti aruhusiwe kuichambua kutoka mbali kwenye kompyuta za kituo, zenye programu zilizokwisha kuwekwa. Kama ningekuwa na kura moja tu ya kupiga kuhusu jambo hili zima, ningeipiga hapo, kabla ya nauli na kabla ya viza.

Kuna pia suala la majina kwenye makala. Mtafiti aliyekuja na sampuli adimu akashindwa kuchambua data yake humkabidhi mwenyeji, na mwenyeji akifanya kazi yote ya uchambuzi huandika makala, na jina la mwenye sampuli huangukia katikati ya orodha. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Ni kwamba hawakukubaliana kwa maandishi kabla mashine haijawashwa, wakati wote wawili walipokuwa bado wanachangamkiana.

Mwanafunzi_wa_Uzamivu

Shikamooni wakubwa. Nimefuatilia tangu mwanzo. Nina fuwele za kimeng'enya ambazo nimezipata baada ya mwaka na nusu, na msimamizi wangu hajawahi kutumia sinkrotroni. Hatuna mashine ndogo ya eksirei. Kwa mtu kama mimi, hatua ya kwanza ni ipi hasa?

Mleta uzi

Marahaba. Usianze na fomu ya maombi. Chagua kituo cha mwali kimoja kinachofanya kazi kama yako, tafuta jina la mtaalamu wake kwenye tovuti ya kituo, umwandikie barua isiyozidi ukurasa mmoja: kimeng'enya ni kipi, swali lako ni lipi, fuwele ni ngapi na zimekua katika kimiminika gani. Ambatisha picha. Muulize kama kuna uwezekano wa muda mfupi wa majaribio, kwa sababu vituo vingi huacha saa chache kwa kazi hiyo hasa ya kuvunja ule mduara niliouelezea mwanzoni. Sambamba na hilo, tazama programu zilizowekwa kwa ajili ya walio nje ya nchi wanachama. ICTP ina mpango wa pamoja na sinkrotroni ya Elettra mjini Trieste, na mpango wa LAAAMP, wa kuwasaidia watafiti wa nchi zinazoendelea kufika kwenye vituo hivi, umewahi kuwagharimia mwalimu na mwanafunzi wake waende pamoja kwa takriban miezi miwili. Huo wa pili ungekufaa zaidi, kwa kuwa msimamizi wako naye angejifunza.

Fuwele_Ndogo

Nami nikuongezee la forodha: kwenye karatasi za mzigo usiandike "protini" peke yake. Andika kwamba ni sampuli ya utafiti isiyoambukiza, isiyo na thamani ya kibiashara, iliyotengenezwa maabara, na utaje uzito kwa miligramu. Namba ya simu ya mtu wa kituoni ibandikwe juu ya mtungi. Na uchore mshale mkubwa kila upande kuonyesha juu ni wapi.

Mwanafunzi_wa_Uzamivu

Ahsanteni sana. Nimeandika barua usiku huu na nitaituma kesho nikishaipitia na msimamizi. Picha nimeipiga kwa simu kupitia kioo cha hadubini. Fuwele zinaonekana kama vijiti, zimeelekeana, moja imevunjika ncha.

Mleta uzi

Picha ya simu inatosha kabisa. Ila kabla hujaituma, piga nyingine kwa ukuzaji uleule ukiwa umeweka rula ya hadubini chini ya lenzi, kisha uchore kipimo hicho kwenye picha ya kwanza. Bila hivyo mtaalamu hatajua kama vijiti hivyo vina urefu wa mikroni 20 au 200, na hilo ndilo swali la kwanza atakalokuuliza. Usiikate hiyo yenye ncha iliyovunjika. Akiona inavyovunjika atajua ni ngumu kiasi gani kuishika.